Je, wajua kwa nini barabara iliyojengwa upya huleta nafuu hata magari yasipoongeza kasi?

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara huko Somanga, wilayani Kilwa. Makalavati yalisombwa, tuta likamegeka, malori yakapanga foleni pande zote mbili. Mwenye haraka ya kufika Mtwara kwa gari ilibidi azungukie Iringa, Songea na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 badala ya 560 hivi.

Ukiuliza barabara kuu inasaidiaje nchi kuinuka baada ya janga kama hilo, utaambiwa vijana wanapata vibarua na magari yanakimbia. Vibarua ni kweli, ila huondoka na greda. Kasi nayo inasifiwa kupita kiasi. Basi likiwahi kufika kwa saa moja, bei ya sukari Nanyamba, mkoani Mtwara, haishuki kwa sababu hiyo. Isitoshe, njia nzima ina vijiji vyenye vibao vya kasi ya kilomita 50 kwa saa, na lami mpya haiving'oi.

Kinachobadilika hasa ni uhakika. Chukua nyumba ambayo maji ya bomba hukatika bila ratiba. Bili yake ni ndogo, lakini mwenye nyumba amenunua mapipa na madumu, amepoteza kona ya chumba, na maji yakitoka usiku wa manane anaamka kukinga. Mwenye duka la jumla Lindi anaishi hivyohivyo. Asipojua mzigo utafika lini, anajaza stoo, na mtaji uliopaswa kuzunguka unalala kwenye katoni. Tuseme safari tisa kati ya kumi zinachukua saa 8, na ya kumi siku tatu. Wastani ni saa 14 na ushei, lakini hakuna anayejiandaa kwa wastani. Stoo inajazwa kwa ajili ya zile siku tatu. Mwenye lori naye anazitia kwenye bei ya kusafirisha, na mteja wa rejareja ndiye anayezilipa, kidogokidogo, hata kiangazi.

Ndiyo maana sehemu yenye faida kubwa kwenye ujenzi wa namna hii ni ile abiria asiyoiona: makalavati mapana, madaraja, tuta lililoinuliwa ili maji yapite chini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji kwenye barabara hiyohiyo ulivukwa kwa kivuko, na mto ndio uliopanga ratiba.

Je, mkulima naye anafaidika? Inategemea. Wanunuzi wakiwa wachache, gharama iliyopungua inaweza kuishia mifukoni mwao. Korosho nayo ina njia yake: inakusanywa kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, inauzwa mnadani, na nyingi hupakiwa meli bandarini Mtwara bila kuiona Somanga. Kwa mkulima wa Tandahimba, mkoani Mtwara, vipande vya barabara ya vumbi kati ya kijiji na ghala vina uzito zaidi, na vipande hivyo havimo kwenye mkataba wa barabara kuu.