Gwaride la Mtakatifu Patrick halikutoka Ireland

Kila Machi 17, siku ya Mtakatifu Patrick, mtakatifu mlinzi wa Ireland, gwaride lake linapopita Fifth Avenue, New York, utasikia watu wakisema Waairishi walihama na desturi hii kutoka kwao. Imesemwa miaka nenda miaka rudi. Siku yenyewe kweli ni ya Ireland, lakini gwaride limekulia ugenini.

New York walianza mwaka 1762, miaka 14 kabla Marekani haijajitangazia uhuru, na walioandamana ni pamoja na askari wa Kiairishi wa jeshi la Uingereza. Kule Ireland watu walikwenda kanisani. Siku hiyo ilifanywa sikukuu ya umma mwaka 1903, na kwa miongo kadhaa baadaye baa zilifungwa kwa sheria.

Chicago nao wana lao. Tangu 1962 mafundi bomba huupaka Mto Chicago rangi ya kijani, wazo lililotokana na rangi waliyotumia kutafuta maji taka yanakovujia mtoni. Ukiwa karibu na boti utashangaa: unga wanaomwaga ni wa rangi ya machungwa, hugeuka kijani ukishagusa maji.

Je, basi ni urithi wa bandia? Hata kidogo. New York vyama vya watu wenye asili ya kaunti za Ireland bado huandamana, Kerry na bango lao, Mayo na lao, wajukuu wakibeba jina la mahali ambapo wengine hawajapaona. Mimi hilo hunigusa sana. Na Dublin, mji mkuu wa Ireland, nao wameiga: tamasha lao kubwa la sasa lilianza mwaka 1996.