Kubadili windo meneja sio kufuta Linux jamani

Kuna hii kitu watu wanaaminishana, eti ukiwa na Ubuntu (aina moja ya Linux) ukataka kutumia i3 (windo meneja mojawapo) basi inabidi ufute kila kitu uinstoli upya. Hapana bwana. Windo meneja ni programu tu kama zingine, kazi yake kupanga madirisha, lipi likae wapi, lipi lije mbele, basi. Hata hiyo GNOME yako, yaani desktopu inayokuja na Ubuntu, ina ya kwake ndani inaitwa Mutter, na desktopu zingine vilevile, KDE wana KWin, Xfce wana xfwm4, ni vile tu hujawahi kuisikia kwa jina.

Kwa hiyo unafungua terminali unaandika sudo apt install i3, unalogi auti, pale pa kuweka paswedi kuna kialama cha gia pembeni chini, bonyeza uchague i3, ingia. Ikikushinda (na siku ya kwanza itakushinda, hakuna menyu wala batani ya kufunga, mi nilikaa natazama skrini kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni) unabonyeza Mod+Shift+E, hiyo Mod ni kitufe cha Windows au Alt kutegemea ulichagua nini mwanzo, unakubali kutoka, unarudi GNOME na mafaili yako yapo vilevile.

Ile ya kusema windo meneja nyepesi itafanya laptopu ya RAM giga 2 ikimbie nayo ni nusu kweli. i3 inakula kidogo sana, sawa, ila ukifungua brauza na tabu 15 anayekula ni brauza. Mi mwenyewe nimebaki na Openbox, windo meneja nyingine, madirisha yanaelea yaani unayasogeza popote, mausi inafanya kazi, nimeridhika.