Ufanisi wa kwotabeki: alama moja inasema nini kuhusu kijana anayekua

Mwaka 2018 Joe Burrow, kwotabeki wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana huko Marekani, alimaliza msimu akiwa na alama ya ufanisi wa pasi 133.2. Mwaka uliofuata, chuo kilekile na jezi ileile namba 9, alimaliza na 202.0, rekodi ya msimu mmoja kwa vyuo vya ngazi ya juu kwa wakati huo. Watangazaji huitaja namba hii haraka haraka kisha wanaendelea na mchezo, na msikilizaji aliyezoea soka letu la mabao na kona anabaki anajiuliza: alama 202 za nini?

Tuanze na kazi yenyewe. Katika futiboli ya Marekani kila timu ina watu 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu inapewa majaribio mengine manne. Ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Anaweza kumkabidhi mkimbiaji, kukimbia nao mwenyewe, au kuurusha kwa mpokeaji aliye mbele. Akiurusha, mambo manne ndiyo yanayohesabiwa: pasi ilifika au ilianguka, ilipata yadi ngapi, ilizaa tachidauni, yaani lile bao la pointi sita, au ilinaswa na mpinzani.

Alama ya ufanisi inayotumiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inachanganya hayo manne. Chukua yadi zote zidisha kwa 8.4, ongeza tachidauni mara 330, ongeza pasi zilizofika mara 100, toa pasi zilizonaswa mara 200, halafu gawanya jumla kwa idadi ya pasi zote zilizorushwa. Namba hizo zinaonekana za ajabu, lakini zina asili yake. Kanuni ilianza kutumika mwaka 1979, na waliotunga walitazama misimu ya 1965 hadi 1978 wakapanga vizito hivyo ili kwotabeki wa kawaida wa miaka hiyo apate 100. Huyo wa kawaida alikuwa anafikisha asilimia 47 tu ya pasi zake, na katika kila pasi 100 zaidi ya sita zilinaswa. Leo kijana wa chuo mwenye rekodi ya namna hiyo angeketi benchi kabla msimu haujafika katikati. Kwa hiyo 100 ya siku hizi si wastani tena, ni alama ya mtu anayetaabika.

Jambo la kushika hapo ni ule mgawanyo wa mwisho. Kila kitu kinagawanywa kwa idadi ya pasi. Hapo ndipo neno ufanisi linapopata maana yake, na ndipo linapoachana na neno wingi. Mafundi cherehani wawili wakipewa kitambaa cha mita zilezile, fundi mzuri anajulikana kwa nguo alizotoa na vipande alivyotupa. Kitambaa cha kwotabeki ni pasi.

Burrow mwenyewe ametuachia mfano ambao sijaona mzuri zaidi yake. Kabla ya LSU alikuwa chuo kingine, Ohio State, na katika miaka mitatu huko alikuwa akiwasubiri wengine: J.T. Barrett kwanza, kisha Dwayne Haskins akampita. Muda wote huo alirusha pasi 39 tu katika mechi rasmi. Zilifika 29, kwa yadi 287 na tachidauni mbili, bila hata moja kunaswa. Tarehe 28 Desemba 2019, katika nusu fainali ya taifa dhidi ya Oklahoma, alirusha tena pasi 39 katika mechi moja, na tena zilifika 29 bila kunaswa. Ila safari hii zilileta yadi 493 na tachidauni saba, zote saba kabla ya mapumziko. LSU ilishinda 63 kwa 28. Piga hesabu: zile 39 za Ohio State zinatoa alama 153, zile za siku hiyo moja zinatoa karibu 240. Idadi ya pasi ni ileile na asilimia ya zilizofika ni ileile. Tofauti yote iko kwenye kile ambacho kila pasi ilibeba.

Sasa turudi kwenye ule mruko wa kutoka 133.2 hadi 202.0, maana hapa wengi hutoa maelezo ya juu juu kwamba kijana "alikomaa". Alikomaa kwa namna gani? Mwaka 2018 alirusha pasi 379 zikafika 219, yadi 2,894, tachidauni 16, zikanaswa tano. Mwaka 2019 alirusha 527 zikafika 402, yadi 5,671, tachidauni 60, zikanaswa sita. Nimekaa na kanuni ile nikaitenganisha kipande kwa kipande. Kati ya alama karibu 69 alizoongeza, yadi kwa kila pasi zilichangia 26, tachidauni karibu 24, na pasi kufika 18 na nusu. Kupunguza pasi zinazonaswa kulichangia chini ya nusu alama.

Hilo la mwisho linanigusa sana, kwa sababu linapingana na ushauri ambao vijana hupewa kila siku. Kwotabeki chipukizi akianza vibaya, anachoambiwa ni kuwa mwangalifu: usihatarishe, rusha fupi, usipoteze mpira. Burrow wa 2018 tayari alikuwa mwangalifu. Alinaswa mara tano tu msimu mzima. Kilichomkosesha ufanisi ni kwamba uangalifu ule haukuzaa chochote, yadi 7.6 kwa pasi, na zaidi ya pasi nne katika kila kumi zikianguka chini. Mwaka uliofuata alifika yadi 10.8 kwa pasi bila kuongeza hatari. Alipata zaidi kwa uangalifu uleule, kwa kuwa alijua mapema zaidi pa kuuelekeza mpira.

Neno mapema ndilo moyo wa jambo zima. Mkono wa Burrow haukuwahi kusifiwa kuwa na nguvu kuliko ya wenzake, na hata ungekuwa nayo, mkono wa mtu wa miaka 22 haubadiliki kiasi hicho kwa miezi tisa. Kinachobadilika ni macho, miguu na saa iliyo kichwani. Kwotabeki akishapokea mpira ana kama sekunde mbili na nusu hadi tatu kabla ukuta wa wenzake wanaomkinga haujaanza kuvunjika. Katika muda huo kijana mchanga anamtazama mpokeaji wa kwanza, anasubiri aone kwamba yuko huru, ndipo anarusha. Mpaka mpira ufike, beki ameshafika pia. Aliyekomaa hasubiri kuona. Anarusha mpokeaji akiwa bado amempa mgongo, kwa sababu anajua hatua ya ngapi atageuka. Wapenzi wa soka wanalifahamu hili kwa kiungo mchezeshaji, yule anayeinua kichwa kabla mpira haujamfikia, hivyo ukimgusa tu pasi imeshatoka.

Na ujuzi huo huanza kabla ya mpira kuchezwa. Kwotabeki anasoma mabeki wa nyuma kabisa: wako wawili au mmoja? Wakiwa wawili wamegawana uwanja kwa kina, mara nyingi kuna nafasi katikati. Akiwa mmoja, wapokeaji wa pembeni huenda wamebaki kila mtu na mlinzi wake. Mabeki nao wanajua kwamba anawasoma, kwa hiyo wanajificha: wanasimama wawili, mpira ukianza mmoja anashuka mbio. Mchanga anadanganyika na picha ya kwanza. Mzoefu anaithibitisha kwa jicho moja katika hatua zake za kwanza za kurudi nyuma, kisha anapitia wapokeaji kwa mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na miguu yake inageuka pamoja na macho. Ukitaka kujua kama kijana anakua, acha kufuata mpira kwa dakika chache utazame miguu yake. Ikiwa inarukaruka bila mpango, kichwani hakuna mpango pia. Ikiwa inatua sawasawa kila anapohamisha macho, subira yako italipwa.

Lakini ningekuwa naficha nusu ya ukweli kama ningeishia kwa kijana peke yake. Mwaka 2019 kocha mkuu Ed Orgeron alimleta Joe Brady kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, akafanya kazi na mratibu wa mashambulizi Steve Ensminger, na mfumo ukabadilika. LSU iliyozoea kujazana katikati na kukimbia na mpira ilianza kuwatandaza wachezaji upana wote wa uwanja, na mara nyingi iliwaachia wapokeaji watano waende mbele badala ya kuwabakiza wengine nyuma kumkinga kwotabeki. Maana yake alikuwa na majibu zaidi ya kuchagua, na ulinzi mdogo zaidi wa kumpa muda wa kuchagua. Mpango kama huo kwa kijana asiyesoma haraka ni kumtupa baharini. Kwa Burrow ulikuwa kama kumpa mtu lugha yake.

Na wapokeaji wenyewe. Ja'Marr Chase alipata yadi 1,780 na tachidauni 20 msimu ule, Justin Jefferson yadi 1,540 na tachidauni 18. Kati ya zile 60 za Burrow, 38 ziliishia mikononi mwa wawili hao. Wote walikuwepo mwaka 2018, wakiwa hawajafika hapo, nao walikua. Alama ya ufanisi inaandikwa chini ya jina la mtu mmoja, ila mpokeaji akidaka mpira mfupi kisha akakimbia yadi 50, yadi zote hizo zinaingia kwa kwotabeki. Akiuangusha mpira uliomfika kifuani, pasi inahesabiwa kuwa imeanguka, na kosa linaenda kwa asiyelifanya.

Kuna upungufu mwingine unaoniumiza zaidi. Kwotabeki akiona hakuna aliye huru, uamuzi sahihi mara nyingi ni kuutupa mpira nje ya uwanja na kujaribu tena. Alama yake inashuka kwa kufanya hivyo. Akiung'ang'ania mpira mpaka akaangushwa nao mkononi na timu ikarudi nyuma yadi nane, alama ya pasi haiguswi kabisa, kwa sababu takwimu za vyuo huhesabu kuangushwa huko kama mbio. Yaani kanuni inamwadhibu kijana kwa busara na kumsamehe kwa ubishi. Kwa hiyo unapotazama alama ya chipukizi, tafuta pia ameangushwa mara ngapi. Tazama vilevile alicheza na nani: mechi mbili za Septemba dhidi ya timu dhaifu zinaweza kupandisha alama ya mtu yeyote, na kwa pasi chache namba huyumba kwa kitu kidogo tu. Mbio zake mwenyewe hazimo pia. Burrow alikimbia yadi 399 mwaka 2018 na 368 mwaka 2019, na hakuna hata moja inayoonekana katika 133.2 wala 202.0.

Jambo moja huwachanganya wengi: ligi ya kulipwa, NFL, ina alama yake ambayo ni tofauti. Kule kila kipengele kimewekewa kikomo, na alama ya juu kabisa ni 158.3. Ukisikia mchezaji wa NFL ana 110 huo ni msimu mzuri sana; chuoni 110 ni msimu mgumu. Usiziweke kwenye mizani moja.

LSU ilimaliza na ushindi wa mechi 15 kati ya 15, ikiifunga Clemson 42 kwa 25 mjini New Orleans tarehe 13 Januari 2020. Burrow alichukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo na kuwa wa kwanza kuchaguliwa na NFL mwaka huo, akaenda Cincinnati Bengals. Rekodi yake ya ufanisi ilidumu mwaka mmoja tu. Mac Jones wa Alabama aliivunja mwaka 2020 kwa 203.1, kwa pasi 311 zilizofika kati ya 402. Naye hakusifiwa kwa nguvu za mkono. Alikuwa ameingia Alabama mwaka 2017, akakaa nyuma ya Tua Tagovailoa, na zamu yake ilipofika alikuwa na mpokeaji aitwaye DeVonta Smith, ambaye msimu huohuo alipata yadi 1,856 na kuchukua Heisman yeye mwenyewe.