Kuinua karata mbili kama moja

Mwaka wangu wa kwanza wa mazingaombwe ya karata niliumaliza mbele ya kioo cha kabati. Kila usiku baada ya kula nasimama pale na pakiti mkononi, narudia mbinu moja mpaka miguu inakufa ganzi. Na mbele ya kioo nilikuwa hatari. Mbinu haionekani kabisa, mpaka najishangaa mwenyewe. Siku moja nikaalikwa kuonyesha kwenye sherehe ya kipaimara mtaani kwetu, na binti mmoja wa miaka kama tisa akanikatisha katikati: "Anko, rudia hapo ulipofumba macho."

Nilidhani ananitania. Niliporudi nyumbani nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikajirekodi. Kweli bwana. Kila nikifika kwenye ile nusu sekunde ya wizi, napepesa macho. Kioo kisingeniambia hilo hata ningesimama mbele yake miaka kumi, maana wakati wa wizi mimi mwenyewe nilikuwa sikioni.

Tangu hapo kioo kimebaki na kazi moja: kunionyesha mtu aliyekaa kulia kwangu, kushoto au chini kidogo anaona nini. Mengine yote naiachia simu.

Leo naeleza mbinu moja tu, ile ninayoulizwa kuliko zote na ambayo wengi wanaifanya vibaya kwa miaka bila kujua. Mimi naiita kuinua mbili. Unageuza karata ya juu, mtazamaji anaiona, tuseme ni saba ya uru. Kumbe ulichogeuza ni karata mbili zilizobanana, na saba ndiyo ya pili. Unazirudisha kifudifudi juu ya pakiti, unachukua ile ya juu peke yake, unampa aifunike kwa kiganja. Yeye anaapa ameshika saba ya uru. Saba ya uru iko kwako, juu ya pakiti, inakusubiri. (Wanaoshangaa haya majina: uru, kopa, shupaza na pau tuliyapata kwa Wareno, na neno karata lenyewe vilevile. Vijana wengi sasa hawayatumii, mimi siyaachi.)

Tuanze na kushika. Pakiti inalala kwenye mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kinapinda mbele, kwenye ule ukingo mfupi ulio mbali nawe. Gumba linalala juu, kando ya ukingo wa kushoto. Vidole vitatu vilivyobaki vinakumbatia ukingo wa kulia. Isibanwe. Mtu akija kujifunza kwangu huwa naichomoa pakiti mkononi mwake bila kumwambia. Ikigoma kutoka, tunarudi mwanzo. Mkono unaokaba unasimamisha mishipa, kucha zinabadilika rangi, na mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu karata bado anajua mkono wenye hofu unafananaje.

Sasa mwanya. Mkono wa kulia unakuja juu ya pakiti kama vile unazilainisha karata zikae sawa, jambo ambalo kila mcheza karata hulifanya bila kufikiri. Gumba lake, upande wa nyuma ulio karibu na tumbo lako, linanyanyua kingo za karata mbili za juu. Moja, mbili. Utazisikia kidoleni kama kucha ikipita kwenye meno ya kitana. Zikipata nafasi ya unene wa wembe, ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto inazuia hapo. Narudia, ncha: nyama kidogo tu ya pembeni ya kidole. Ukiingiza kidole kizima, karata zinapanda kama bati lililong'oka, na aliyekaa upande wa kulia anaona kila kitu. Mbele lazima pakiti ifunge kabisa.

Halafu unakaa na mwanya wako. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanasubiri mpaka wakati wa kugeuza karata ufike, mtu amekodoa macho, ndipo wanaanza kutafuta karata mbili kwa gumba. Mwanya upatikane mapema, wakati unamuuliza mtu jina lake, au anacheka, au anamwelekeza mwenzake asogeze kiti. Ukifika wakati wa kugeuza, kazi iwe ilishaisha.

Kugeuza kwenyewe ni kitu kidogo. Mkono wa kulia unashika kona ya kulia iliyo karibu nawe, gumba juu, vidole chini, na karata mbili zinapinduka kuelekea kushoto kama ukurasa wa daftari. Zikitua juu ya pakiti ziwe zimelala sawasawa.

Ila kabla ya kugeuza mbili, geuza moja. Hili sikuambiwa na mtu, na lilinigharimu muda. Chukua karata moja halali, bila hila yoyote, igeuze mara ishirini huku simu inarekodi. Kisha kaa uangalie. Unaishika wapi? Kwa vidole vingapi? Macho yako yako wapi? Mimi nilipojiangalia nilikuta moja naigeuza kwa mkono mlegevu, huku naongea, namtazama mtu usoni. Mbili nilikuwa nazigeuza kama mtu aliyebeba kikombe cha uji wa moto kilichojaa, macho yote mawili mkononi, pumzi nimeibana. Hahitaji kujua mbinu mtu anayeona tofauti hiyo. Atasema tu, "Hapo kuna kitu."

Basi moja ikawa mwalimu wa mbili. Baadaye nikagundua na kinyume chake: moja nayo inabidi ikubali kubadilika kidogo. Ule mkono wangu wa ovyo ulikuwa unasukuma karata moja kwa gumba mpaka inatoka nusu nje, na mbili haziwezi kusukumwa hivyo bila kutengana. Kwa hiyo sasa hata nikigeuza moja ya kweli naigeuza kwa njia ileile ya mbili, mwanya na vyote, nikiwa jukwaani au nikicheza arubastini na shemeji zangu. Wanalalamika kwamba nachelewesha mchezo.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Ninarekodi mageuzo hamsini, moja na mbili nikizichanganya ovyo, bila kuonyesha uso wa karata kwenye kamera. Pembeni naandika kwenye karatasi ipi ilikuwa ipi. Siiangalii video siku hiyo. Kesho yake, nikishasahau mpangilio, naangalia na kubahatisha: hii moja, hii mbili. Nikipatia nusu nusu, kama anayerusha shilingi, mkono uko vizuri. Nikipatia thelathini na tano, kuna dalili mahali, na kazi inayobaki ni kuitafuta. Mara moja dalili yangu ilikuwa kidole cha pete, kinachojinyoosha kidogo kila zikiwa mbili. Kingine kilichukua muda zaidi.

Hicho kingine nilionyeshwa na shangazi yangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, mimi nafanya mazoezi kwenye meza nyuma yake. Hakugeuka. Akasema, "Baba, hiyo ya sasa ni mbili." Nikacheka, nikaendelea. Akasema tena. Mara ya tatu nikasimama nikamuuliza anajuaje na amenipa mgongo. "Zina kishindo," akasema, akapuliza pumba. Alikuwa sahihi. Karata mbili zilizobanana ni ngumu kuliko moja, hazipindi zikiwa hewani, na zikitua juu ya pakiti zinapiga "pa" badala ya "fya". Dawa ni kuzisindikiza mpaka chini, usiziachie zidondoke. Miaka yote ile nilikuwa nafanyia mazoezi huku redio imewashwa.

Kuhusu karata zenyewe, nitasema kidogo kwa sababu tunaoishi pwani tuna shida yetu. Zile za plastiki za dukani zinateleza mno, na zikigusana kwa jasho zinagandana. Wengi wetu tunatafuta za karatasi, na za Bicycle ndizo zinazosifiwa sana, chapa ya Wamarekani iliyoanza mwaka 1885. Uso wake una vishimo vidogo vidogo vinavyoshika hewa, ndiyo maana karata inaelea juu ya mwenzake. Ukubwa wake ni kama milimita 88 kwa 63, na mtu mwenye mkono mdogo asikate tamaa, anaweza kutumia zile nyembamba zaidi za milimita 57. Shida ni kwamba karatasi inanyonya unyevu. Masika ya Dar es Salaam pakiti inavimba kama mkate, haiingii tena kwenye boksi lake. Mimi naziweka kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kabla ya kuzigusa, mikono iwe imeoshwa na kukauka. Mafuta ya nazi ni adui.

Na fanyia mazoezi juu ya kitanda au blanketi lililokunjwa. Karata zitadondoka. Zikidondokea sakafuni kona zinavunjika, na kona iliyovunjika inafungua mwanya wenyewe wakati hujauomba.

Watu wakisikia haya huwa wananiuliza kama kweli mbinu moja inastahili jasho lote hilo. Nawapa habari ya Dai Vernon. Huyu alikuwa Mkanada, mzaliwa wa Ottawa mwaka 1894. Harry Houdini, aliyekuwa gwiji wa zama zile, alikuwa anajigamba kwamba mchezo wowote akionyeshwa mara tatu ataugundua. Mwaka 1922, kwenye hoteli moja ya Chicago, Vernon akamwomba achague karata na kuiandika herufi za jina lake. Akaiweka chini ya karata ya juu, iwe ya pili, kisha akaigeuza ya juu: ileile yenye maandishi. Akarudia, akarudia tena, akapita zile mara tatu kwa mbali. Houdini hakuambulia kitu. Mchezo wa karata inayopanda juu leo wengi wetu tunaufanya kwa kuinua mbili, na ndio mchezo wa kwanza ninaowapa wanafunzi. Aliyemdanganya Houdini alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 98, na uzeeni bado alikuwa akichezea karata.

Swali lingine nisilolikwepa: je, si ndiyo haya ya pata potea? Ndiyo, ni ndugu. Nikiwa na miaka kumi na saba niliacha nauli yangu yote kwenye kipande cha boksi kando ya stendi, karata tatu zimekunjwa katikati, jamaa anazirusha huku anaimba. Nilikuwa na uhakika. Leo najua kwamba mkono wake ulikuwa umeshika karata mbili, moja juu ya nyingine, na jicho langu lilikuwa linategemea ya chini itangulie kutua. Alitanguliza ya juu. Basi, hiyo ndiyo siri yote ya mkono. Ila hata ningeijua nisingeshinda, kwa sababu wale wanne waliokuwa wanashinda kabla yangu walikuwa wenzake. Mbinu nyingi tunazotumia zimetoka kwa watu wa aina hiyo. Kitabu kilichotuunda sisi wa karata kilichapishwa Chicago mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase, kinafundisha wizi wa mezani bila kuona haya, na mpaka leo watu wanabishana mwandishi alikuwa nani. Tofauti yangu na yule wa stendi ni kwamba mteja wangu ameshalipa kabla hajadanganywa, na anajua anachokuja kufanyiwa. Kwa pesa sichezi karata na mtu yeyote. Wala hakuna anayetaka kucheza na mimi.

Muda wa mazoezi: dakika ishirini asubuhi, ishirini usiku. Nilijaribu masaa matatu mfululizo nikaishia na maumivu ya kiwiko na makosa yaliyoota mizizi, maana mkono uliochoka unajifunza uchovu. Polepole, kila mara polepole kuliko unavyotaka. Namkumbuka René Lavand wa Argentina, aliyepoteza mkono wa kulia akiwa mtoto na kufanya kila kitu kwa wa kushoto peke yake. Alikuwa anarudia mchezo wake kila safari polepole zaidi, na bado huoni. Sisi wenye miwili tunakimbilia haraka ili tufiche uchafu.

Jana usiku, katika mageuzo hamsini, karata ya chini imechungulia mara nne. Nimezitazama tena kwa mwendo wa kobe. Zote nne ni upande wa gumba, na zote ni baada ya mageuzo ya thelathini. Leo nitaanza na kuosha mikono katikati.