Mungu kama Mume: Dhana Potofu na Yaliyoandikwa

Picha ya Mungu kama mume na watu wake kama mke husikika sana kwenye mahubiri ya harusi, na huko ndiko inakopotoshwa zaidi. Makosa mengi yanatokana na kushika mstari mmoja na kuiacha sura nzima.

Dhana: Picha hii ililetwa na Paulo.
Nabii Hosea aliitumia karne ya 8 KK katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, kabla Samaria, mji wake mkuu, haijaanguka. Yeremia (sura ya 2 na 3) na Ezekieli (16 na 23) wakaiendeleza, na Isaya 54:5 inatamka wazi: "Muumba wako ni mume wako." Yesu naye alijiita bwana arusi (Marko 2:19). Paulo aliikuta.

Dhana: Mungu ni mwaminifu, kwa hiyo ndoa hii haikuwahi kuvunjika.
Yeremia 3:8 inasema Mungu aliipa Israeli ya kaskazini hati ya talaka. Uzito wake unaonekana ukifungua Kumbukumbu la Torati 24:1-4: mke aliyeachwa akaolewa na mwingine harudiwi na mume wa kwanza, hata huyo wa pili akifa. Yeremia anaigusa sheria hiyo katika 3:1 kwa njia ya swali, na waliomsikia walijua jibu: hairuhusiwi. Halafu, katika mstari wa 12, yule yule aliyetoa hati ndiye anayeita, rudi. Sharti analotaja ni kuungama uovu (3:13). Wahubiri wanaoiruka talaka ili kumlindia Mungu heshima yake wanaipunguza rehema bila kujua, maana kumwita arudi mtu ambaye hakuwahi kuachwa ni jambo la kawaida tu.

Dhana: Gomeri, mke wa Hosea aliyemsaliti, ni funzo kuhusu wanawake wabaya.
Anayeshtakiwa na Hosea ni taifa zima, na katika 5:1 wanaoitwa wasikilize hukumu ni pamoja na makuhani na nyumba ya mfalme. Katika 4:14 Mungu anakataa kuwaadhibu mabinti kwa uzinzi wao, kwa sababu wanaume wenyewe ndio wanaokwenda na makahaba. Mstari huo husomwa mara chache mno makanisani! Sura ya 3, ambapo Mungu anamwamuru Hosea ampende tena mke mzinzi, nayo hutumiwa kumwambia anayepigwa na mwenzake avumilie kama Hosea. Amri ile ilikuwa ishara aliyopewa nabii, na inahusu usaliti. Haisemi lolote juu ya kuvumilia kipigo. Tena anayegharamika pale ni aliyekosewa: Hosea anamrudisha mkewe kwa vipande 15 vya fedha, na homeri (kipimo cha nafaka) moja na nusu ya shayiri.

Dhana: Efeso 5 inampa mume cheo cha Mungu nyumbani.
Hesabu mistari. Wake wanaambiwa jambo lao katika mistari 3 (22-24), waume karibu yote iliyobaki hadi 33, na amri ya kupenda inarudiwa mara 3 (25, 28, 33). Kabla ya yote kuna mstari wa 21, wa kunyenyekeana. Kipimo anachowekewa mume ni Kristo "akajitoa", yaani msalaba. Kutakasa na kuosha (26-27) ni kazi ya Kristo kwa Kanisa. Mume hajakabidhiwa kumsafisha mkewe dhambi.

Dhana: Bibi arusi ni mimi peke yangu.
Wapo waliousoma Wimbo Ulio Bora hivyo, na mtawa Bernard wa Clairvaux aliuhubiri kwa namna hiyo katika karne ya 12. Lakini manabii wanasema na taifa, Paulo anasema na kanisa la Korintho (2 Kor 11:2), na katika Ufunuo 21 bibi arusi ni mji mzima, Yerusalemu Mpya.

Dhana: Asiye na ndoa hawezi kuuelewa upendo huu.
Yesu alisema katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi (Mathayo 22:30). Na Yeremia, aliyeandika juu ya uposo, usaliti, talaka na wito wa kurudi, aliamriwa na Mungu asioe (16:2).