Shetani Hakumdanganya Tom Walker

Kila nikifundisha hadithi fupi za watu waliofanya biashara na shetani, hapa Mwanza napata jibu lile lile: "Mwalimu, shetani ni mwongo, alimdanganya yule mtu." Nalikuta kwenye insha za kidato cha tano, nalisikia kwa wazazi, na hata kwa walimu wenzangu. Limenichosha. Anayejibu hivyo hajasoma. Amekuja na shetani wa mahubiri ya Jumapili, akampachika juu ya yule aliyeandikwa kitabuni.

Turudi kwenye maandishi. Mwandishi Mmarekani Washington Irving alichapisha hadithi ya Tom Walker mwaka 1824, na mambo yenyewe yanatokea karibu na Boston, Marekani, mnamo 1727. Tom ni bahili, mkewe ni bahili, na wanafichana hata mali ya ndani ya nyumba. Siku moja anakata njia kwenye kinamasi na kukutana na mtu aliyejaa masizi, shoka begani. Je, mtu huyo anajificha? Hajifichi. Tom anauliza yeye ni nani, naye anajitambulisha bila kuzunguka. Miti ya pale imechongwa majina ya wakubwa wa mji, mizuri kwa nje na imeoza ndani. Tom anarudi nyumbani na kukuta habari kwamba tajiri mmoja, ambaye jina lake liko kwenye mti uliokwisha kuangushwa, amefariki ghafla. Shetani pia amemgusa Tom paji la uso kwa kidole, na ile alama nyeusi haitoki kwa maji. Kisha mkewe anakwenda kinamasini na vyombo vya fedha ili afanye biashara mwenyewe. Tom anakuta aproni yake mtini, ndani yake moyo na ini. Baada ya yote hayo anamtafuta shetani ili wamalizane! Sasa niambieni, aliyeona hayo akarudi, amedanganywa na nani?

Halafu masharti. Shetani anamwahidi Tom hazina iliyofichwa na haramia wa baharini Kidd, ila anataka fedha hiyo itumike kwenye meli ya watumwa. Tom anakataa, na shetani halazimishi. Basi awe mkopeshaji wa riba. Hapo Tom anachangamka. Shetani anasema akopeshe kwa asilimia 2 kwa mwezi. Tom anajibu kwamba yeye atatoza 4. Mstari huo huwa naagiza usomwe kwa sauti, tena na tena, mpaka darasa linyamaze. Shetani alitaja kiwango, na aliyekizidisha maradufu ni binadamu. Msomaji wa Mwanza hahitaji maelezo marefu hapa. Mama wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba aliyewahi kuacha kadi yake ya benki kwa mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, anaijua vizuri ofisi ya Tom.

Na tazama mwisho wake. Mdeni aliyefilisika anamwomba Tom amwongezee miezi michache, anamkumbusha kwamba amepata pesa nyingi kutoka kwake. Tom anakasirika na kuapa kwamba shetani amchukue kama amepata hata senti moja. Mlango unagongwa mara tatu. Uongo wa mwisho katika hadithi hii umetoka kinywani mwa Tom, naye shetani anamchukua kwa maneno yake mwenyewe. Ile Biblia ndogo aliyozoea kubeba imo mfukoni mwa koti ambalo hakulivaa, na ile kubwa iko mezani, imefunikwa na hati ya rehani ya huyo huyo mdeni.

Ndiyo maana sikubali jibu la "alidanganywa". Ukilikubali, Tom anageuka mhanga, na yule mdeni anafutika kabisa kwenye insha. Ushauri wangu ni ule ule kila mwaka: chukua penseli, pigia mstari pale masharti yanapotajwa, kisha andika pembeni nani aliyevunja ahadi.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

Kwamba lazima pawepo mkataba wa damu. Katika hadithi ya mwandishi Mrusi Tolstoy ya mwaka 1886 hakuna mkataba wowote na shetani. Mkulima Pahom anajigamba kwamba akiwa na ardhi ya kutosha hatamwogopa hata shetani, naye shetani amekaa nyuma ya jiko, anasikiliza. Yaliyobaki Pahom anayafanya kwa miguu yake, mpaka jua linapozama na yeye anaanguka akiwa maiti.

Kwamba anayeuza nafsi ni mlafi tu. Jabez Stone, mhusika wa mwandishi Stephen Vincent Benét katika hadithi ya 1936, ni mkulima mwenye mikosi: farasi mgonjwa, jembe la plau limevunjikia kwenye mwamba. Alichoka, basi.

Kwamba hadithi hizi zinawafungulia watoto mlango wa freemason. Mzazi, hapana. Ujumbe wa "jiunge upate utajiri" unaingia kwenye simu ya mwanao bila kupitia darasani kwangu.

Na kwamba mwisho ni jehanamu tu. Stone anatetewa na wakili Daniel Webster mbele ya baraza la wazee waovu waliokwisha kufa, na anashinda. Katika hadithi ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1891, Keawe wa Hawaii ananunua chupa yenye pepo anayetimiza matakwa ya mwenye nayo, ambayo sharti iuzwe kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa, na anayefariki akiwa nayo anaungua milele. Mara ya pili anainunua apone ukoma amwoe Kokua, wala si kwa kutaka mali. Anayewaokoa wote wawili ni baharia mlevi. Aliinunua kwa santimu mbili, akaelezwa masharti yote, na alipoombwa airudishe alikataa.