Wajibu wa kulinda si haki ya kuvamia

Kila raia wanapouawa kwa wingi mahali fulani duniani, hazipiti siku nyingi kabla mchambuzi hajasikika akisema kwamba mataifa makubwa "yana haki ya kuingia kijeshi kwa mujibu wa wajibu wa kulinda." Sentensi hiyo sasa imo hadi kwenye majibu ya mitihani. Wanafunzi wanaiandika bila wasiwasi, na walimu wanaipigia vema. Imebeba makosa mawili, nayo yanaharibu somo zima la namna dunia inavyokabili maafa ya haki za binadamu.

Maana yenyewe ni fupi. Wajibu wa kulinda ni ahadi waliyoitoa wakuu wa nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa walipokutana New York Septemba 2005, nayo imo katika aya ya 138 na 139 za hati ya mkutano huo. Kila dola inapaswa kuwakinga watu wake dhidi ya uhalifu wa aina nne: mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, usafishaji wa kikabila (kuwafukuza watu wa kabila fulani kwa nguvu) na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mataifa mengine yanapaswa kuisaidia. Ikiwa njia za amani hazikutosha na dola yenyewe imeshindwa waziwazi kuwalinda watu wake, mataifa yako tayari kuchukua hatua za pamoja kupitia Baraza la Usalama.

Kosa la kwanza ni hilo neno haki. Wajibu wa kulinda ulibuniwa ili watu waache kuzungumzia haki ya kuingilia kati, kwa hiyo anayeyachanganya mawili haya anarudi palepale ambapo mjadala ulikuwa umekwama. Ulikwama kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto Rwanda, Baraza la Usalama liliamua tarehe 21 Aprili kukipunguza kikosi chake cha walinda amani, kutoka askari wapatao 2,500 hadi watu 270. Mwaka uliofuata, wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa Srebrenica, mji wa Bosnia ambao Baraza hilohilo lilikuwa limeutangaza kuwa eneo salama. Kisha Machi 1999 NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikaanza kuishambulia Yugoslavia kwa ajili ya watu wa jimbo lake la Kosovo bila kibali cha Baraza. Rwanda dunia ilikaa kando, Kosovo baadhi ya mataifa yakajichukulia sheria mkononi. Kila upande ukawa na mfano wa kuunyooshea mwingine kidole: huyu analilia uhuru wa nchi kujiamulia mambo yake, yule anadai haki ya kuingia kuokoa watu.

Kofi Annan, Katibu Mkuu wa wakati huo, aliyaomba mataifa yatafute njia ya kutoka hapo. Kanada ikaunda tume iliyoongozwa na Gareth Evans wa Australia na Mohamed Sahnoun wa Algeria, na Desemba 2001 tume hiyo ikatoa ripoti iliyogeuza swali. Badala ya kuuliza nani ana haki ya kuingia, ikauliza mtu aliye hatarini anapaswa kulindwa na nani. Jibu la kwanza likawa: na serikali yake mwenyewe. Wazo hilo halikuzaliwa Kanada. Mwanadiplomasia Francis Deng, aliyezaliwa Sudan, alikuwa akilitetea tangu miaka ya 1990 alipokuwa akishughulikia wakimbizi wa ndani kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Alisisitiza kwamba mamlaka ya dola ni dhamana, na serikali inayowatelekeza watu wake haiwezi kujificha nyuma ya mipaka yake. Ninatamani kila mwanafunzi alijue jina lake, kwa sababu dhana hii hufundishwa kana kwamba ilishushwa kutoka Ulaya.

Anayetafuta neno haki atalipata kwenye hati nyingine. Mkataba wa kuanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa Lomé mwaka 2000, unasema katika ibara ya 4(h) kwamba Umoja huo una haki ya kuingilia katika nchi mwanachama, kwa uamuzi wa Mkutano wa wakuu wa nchi, pakitokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haki hiyo ni ya Umoja kwa ujumla wake, si ya nchi yoyote peke yake. Hizi ni hati mbili tofauti, na zifundishwe hivyo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba wajibu wa kulinda maana yake ni jeshi. Ripoti ya Katibu Mkuu Ban Ki-moon ya mwaka 2009 iliupanga wajibu huu katika nguzo tatu: kazi ya dola yenyewe, msaada wa kuijengea uwezo, na hatua za pamoja za wakati unaofaa. Hata katika nguzo ya tatu nguvu za kijeshi ndizo za mwisho, zikitanguliwa na usuluhishi, uchunguzi na vikwazo.

Ndiyo maana mfano wangu wa kwanza darasani ni Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel wakaenda Nairobi kwa niaba ya Umoja wa Afrika, wakakaa na pande mbili zilizokuwa hazitaki kutazamana, na tarehe 28 Februari 2008 makubaliano yakatiwa saini. Hakuna jeshi la kigeni lililotumwa. Annan mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliutazama mgogoro ule kwa jicho la wajibu wa kulinda.

Lakini vitabu vingi hukimbilia Libya. Basi isomwe Libya kwa makini. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la Machi 2011, lilipata kura 10, nchi tano zikajizuia. Utangulizi wake unakumbusha wajibu wa mamlaka za Libya kuwalinda watu wa Libya. Aya yake ya nne inaruhusu hatua zote zinazohitajika kuwalinda raia, na inakataza jeshi la ukaaji la kigeni. Kuiangusha serikali hakumo. NATO iliendelea kushambulia hadi kiongozi wa Libya, Gaddafi, alipouawa Oktoba, na hasira iliyobaki ilitumika sana kama hoja ya kupinga hatua pale vita vya Syria vilipofika mbele ya Baraza. Mtu anaweza kubishana kama azimio lilivukwa, na huo ni mjadala mzuri wa darasani, mradi azimio lenyewe liwe limesomwa.

Mwanafunzi aliyeandika ile sentensi hahitaji kuchorewa mkasi mwekundu. Mwombe aiandike upya, takriban hivi: "Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake dhidi ya uhalifu wa aina nne, ikishindwa waziwazi na njia za amani zisipotosha, Baraza la Usalama linaweza kuidhinisha hatua, zikiwemo za kijeshi." Ni ndefu kuliko ya kwanza, ila mchambuzi wa redioni naye angeweza kuitamka kwa pumzi moja.